Kijana wa Tanga na majira ya baridi ya Minneapolis: uchambuzi wa kisa kimoja

Kijana wa miaka 19, mzaliwa wa Tanga mjini, alifika Minneapolis, Marekani, mwishoni mwa Agosti kuanza shahada ya uhandisi kwa ufadhili wa masomo. Kidato cha tano na cha sita alisoma bweni Lushoto, akafaulu vizuri sana. Katika mitihani ya katikati ya muhula, mwezi Oktoba, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa juu darasani. Kufika wiki ya mwisho ya Novemba alikuwa amekosa vipindi vingi vya kemia vya asubuhi, amekosa maabara, haonekani tena msikitini siku ya Ijumaa, na simu za nyumbani anazipokea kwa maneno yaleyale: mzima, nasoma, inshallah. Mama yake, tuliyesoma naye, ndiye aliyenipigia. "Dada yangu, nenda ukanitazamie mwanangu. Sauti yake siielewi."

Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa ya kijana mwenyewe, bila jina lake wala la chuo chake, kwa sababu kila mwaka nawaona watoto wetu wa pwani wakifika huku wameandaliwa kwa kila kitu isipokuwa kile kinachowaangusha. Wazazi huulizia koti. Ndugu waliotangulia huulizia koti. Na koti ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote, maana linanunuliwa mchana mmoja na mambo yakaisha.

Alivyojiandaa

Minneapolis ya Agosti ni joto. Nyuzi 27, nyuzi 28, watu wamevaa kaptula na maziwa yamejaa waogeleaji. Mgeni aliyetoka Tanga hujikuta anatokwa jasho, akaanza kudhani kwamba habari za baridi zilitiwa chumvi. Kijana huyu alikuwa na sababu nyingine ya kujiamini, nayo ni Lushoto. Juni na Julai, usiku kule milimani Usambara unaweza kushuka hadi karibu na nyuzi 10, na mtoto wa Tanga mjini aliyevumilia miaka miwili ya maji ya kuoga alfajiri kule anaona baridi ameshaijua. Nyumbani walimnunulia jaketi la mtumba, zito, la aina ile wanayovaa madereva wa bodaboda asubuhi. Kila aliyeliona alisema linatosha.

Januari ya kawaida ya Minneapolis, mchana hupanda hadi nyuzi 4 au 5 chini ya sifuri, na usiku hushuka hadi 13 chini ya sifuri. Hayo ni ya kawaida. Tarehe 30 Januari 2019 mji uliamkia nyuzi 33 chini ya sifuri, na hapo upepo haujahesabiwa. Kutoka usiku wa Lushoto hadi asubuhi kama ile ni zaidi ya nyuzi 40.

Hata hivyo, hakuanguka Januari. Alianguka Novemba, wakati baridi yenyewe haijakaza. Tarehe hizo ndizo zilizonifanya nisiridhike na maelezo niliyokuwa nimepewa.

Na maelezo yalikuwa mengi. Mama aliona husda: mtoto kapata ufadhili, watu wamemtia jicho. Alikwishamsomea kisomo, na simlaumu, mimi pia ni mama. Mjomba aliyeko Dar es Salaam alisema ni uvivu na marafiki wabaya. Mshauri wake wa masomo alidhani Kiingereza cha kemia kinampa shida. Mwenyewe alikuwa na jibu lake: "Mimi mzembe tu, mama mdogo."

Ukiyaweka maelezo haya mbele ya tarehe, hayasimami. Kiingereza kilichomtosha Oktoba hakiwezi kupungua Novemba. Marafiki wabaya hakuwa nao. Hakuwa na rafiki yeyote aliyebaki. Uvivu nao hauji kwa mtu wiki fulani ya mwaka kama vile umepangiwa ratiba. Kitu kilibadilika mwanzoni mwa Novemba, na ilibidi tukitafute kwa jina.

Nilichokikuta

Nilikwenda wakati wa mapumziko ya sikukuu ya Shukrani, hosteli nzima imehamwa, mwenzake wa chumbani amekwenda kwao. Ilikuwa saa saba mchana. Pazia limefungwa, taa imezimwa, naye yuko kitandani ndani ya sweta la kofia. "Shikamoo mama mdogo," akasema, kisha akakaa kitako taratibu kama mtu aliyebeba mzigo mabegani. Mezani palikuwa na maganda ya tambi za pakiti na mkate. Kwenye kindoo cha taka kulikuwa na karatasi zenye damu.

Nilianza na damu kwa sababu ndiyo iliyomtisha zaidi, na hakuwa amemwambia mtu. Ilimtoka puani karibu kila asubuhi. Alikuwa na hakika ana ugonjwa mkubwa. Sababu yake ni hewa ya ndani. Hewa ya baridi kali hubeba maji kidogo sana. Ikiingizwa ndani na kupashwa na hita hadi nyuzi 21, inakuwa kavu kuliko kiangazi cha Dodoma. Inakausha pua hadi ngozi ya ndani inapasuka. Inapasua midomo, inapausha miguu, inafanya mikono iwashe. Yeye alijaribu kujitibu kwa kuoga maji ya moto sana kwa muda mrefu, jambo linaloiondolea ngozi mafuta yake na kuzidisha ukavu. Maji ya vuguvugu, mafuta ya mgando (petroli jeli) yanayopakwa mwili ukiwa bado una unyevu, jeli kidogo ndani ya pua, na bakuli la maji karibu na hita: damu ilikoma baada ya siku chache. Mafuta ya nazi aliyopewa na bibi yake ni mazuri, lakini kwa hewa ya huku peke yake hayatoshi.

Hofu hiyo ilipoondoka ndipo alipoanza kuzungumza. Analala kwa muda wa saa 11, hata 12, na anaamka amechoka. Anatamani wanga tu, mkate na tambi, na suruali zimeanza kumbana. Hapati raha na kitu chochote, hata mpira. Akikaa kusoma, ukurasa mmoja unamchukua saa nzima. Nilimuuliza kama amewahi kufikiri kwamba ni bora asiwepo. Akakataa, akasema anatamani kulala tu mpaka iishe. Swali hilo lazima liulizwe waziwazi, kwa maneno yasiyozunguka, na jibu likiwa ndiyo, mtu asiachwe peke yake. Marekani, tangu Julai 2022, namba 988 inapokea simu na ujumbe saa zote.

Jua linalozama saa kumi na nusu

Tanga ipo latitudo ya 5 kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza na kuzama karibu saa ileile, na saa zetu zimejengwa juu ya jambo hilo: kumi na mbili ni machweo, moja ni mwanzo wa usiku. Mwili wa mtu aliyekulia pale haujawahi kuombwa ubadilike. Minneapolis ipo latitudo ya 45 kaskazini. Katikati ya Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Mchana mzima hauzidi saa 9.

Mpito wenyewe haukuja polepole. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Jumamosi jua lilizama karibu saa kumi na mbili. Jumapili likazama kabla ya saa kumi na moja. Kijana aliyekuwa anatoka darasani kukiwa bado na mwanga akaanza kutoka gizani, wiki hiyohiyo. Ukitazama mahudhurio yake, vipindi alivyokosa vinaanza hapo.

Usiku huohuo tofauti ya saa kati yake na nyumbani iliongezeka kutoka saa 8 hadi 9. Mama yake humpigia baada ya swala ya alfajiri, ambayo kwa Minneapolis ya Novemba ni saa mbili na ushei usiku. Oktoba saa ya simu ilimkuta akisoma. Novemba ilimkuta ameshalala tangu giza lilipoingia. Sauti ambayo mama hakuielewa ilikuwa ya mtu anayeamshwa usingizini, akijitahidi kusema ni mzima.

Ugonjwa wenyewe unafahamika. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake, wakifanya kazi katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, waliueleza na kuupa jina: sonona ya majira, yaani huzuni kali inayokuja na msimu. Rosenthal alikulia Johannesburg, akahamia New York mwaka 1976 kusomea tiba ya akili, na aliugundua kwanza ndani ya nafsi yake, nguvu zikimwishia kila baridi ilipoingia na kumrudia kila jua liliporefuka. Ni mtu wa Afrika aliyepata majira ya baridi ya kwanza Marekani kama hawa watoto wetu. Nilimweleza kijana habari hiyo, na nadhani ndiyo iliyomsaidia kuliko neno lolote langu. Mtu anayejiona mzembe huona aibu kwenda hospitali. Mtu aliyeambiwa kwamba daktari mzima alipitia hayohayo huenda.

Swala

Sehemu hii wengi hawaizungumzii, nami naona ilimuumiza kuliko theluji. Tanga siku yake iliningʼinia kwenye adhana. Kati ya adhuhuri na magharibi kuna zaidi ya saa 5, na mtu anapanga masomo, chakula na usingizi wa mchana humo. Desemba ya Minneapolis adhuhuri huingia mara tu baada ya saa sita, alasiri saa nane na ushei, magharibi saa kumi na nusu. Swala tatu ndani ya saa 4 na nusu, na zote ziko katikati ya vipindi. Alasiri ilimkuta maabara akiwa na kemikali mkononi. Magharibi ilimkuta kwenye hesabu.

Hakujua kama anaruhusiwa kutoka, na hakumuuliza mtu. Akaanza kuzilipa zote usiku, kisha akachoka, kisha akaona haya kwenda Ijumaa kusimama na watu waliozisali kwa wakati. Kwa hiyo pamoja na giza la nje alijitia lawama ndani, na mahali pekee ambapo angekutana na wenzake kila wiki akapafunga mwenyewe.

Utatuzi ulikuwa mwepesi kiasi cha kuhuzunisha. Chuo chake kina chumba cha kusalia hatua chache kutoka maabara. Mwalimu wa maabara, alipoulizwa, alimruhusu dakika 10 bila neno. Na sheikh mmoja wa mtaa wa Cedar-Riverside, Msomali aliyekulia Mombasa, alimketisha na kumweleza kwa Kiswahili, kwa upole, sheria ya dini kwa mtu aliye katika hali yake. Mtaa huo ni makazi ya Wasomali wengi, na kati yao wako waliopitia kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Nairobi au Mombasa, wanaokizungumza Kiswahili vizuri. Kuna chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, kuna unga wa sembe, kuna kinyozi anayejua nywele zetu. Yeye alikuwa hajawahi kufika tangu baridi ianze, kwa sababu kufika kunahitaji kutoka nje.

Alivyojifungia

Hapa ndipo kiini cha kisa. Kijana huyu hakushindwa na baridi. Aliishinda kwa njia aliyoiona ya akili: akaacha kutoka. Majengo mengi ya vyuo vya huku yameunganishwa kwa njia za ndani, nyingine chini ya ardhi, nyingine madaraja yenye vioo juu ya barabara, na mtu akijua njia zake anaweza kumaliza siku bila kuvaa koti. Alizijua zote. Chumba, darasa, kantini, chumba. Baadaye chumba, kantini, chumba. Baadaye chumba.

Kila hatua ilikuwa na mantiki, ndiyo maana hakuna aliyeishtukia. Lakini mwanga wa chumba cha kawaida ni laksi (kipimo cha mwanga) 300 hadi 500. Nje, hata siku ya mawingu mazito, ni maelfu, na theluji huuzidisha kwa kuurudisha juu. Ule muda mfupi wa jua ambao mwili wake uliuhitaji kupanga usingizi na kuamka, aliukimbia kwa sababu ya baridi. Kadiri alivyoukimbia ndivyo alivyochoka, na kadiri alivyochoka ndivyo baridi ya mlangoni ilivyoonekana kubwa zaidi.

Mavazi yaliingia hapo kama kisababu, ndiyo maana sisemi hayana maana. Jaketi lake la mtumba lilikuwa zito lakini upepo ulipita shingoni na kiunoni. Alivaa fulana ya pamba ndani, nayo pamba ikishika jasho haikauki, inakutoa joto ukisimama. Alivaa jinzi. Alivaa soksi mbili ndani ya raba zilizobana, na miguu ikaganda zaidi, kwa sababu joto hukaa kwenye hewa iliyo kati ya tabaka, na hapo hewa ilikuwa imebanwa yote. Akatoka hivyo siku tatu nne za mwanzo, akaumia, akahitimisha kwamba nje hakutokeki.

Tulikwenda duka la nguo zilizotumika, mtumba ukiwa bado kwao. Nguo ya ndani ya kubana isiyo ya pamba, sweta la sufu, koti refu linalozuia upepo na lenye kofia, soksi moja ya sufu ndani ya buti kubwa kidogo, glavu za aina ile ambayo vidole vinne hukaa pamoja na kupashana joto, na kitambaa cha kufunika masikio na pua. Nilimfundisha pia kusoma kipimo cha baridi pamoja na upepo: kikifika kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Kwenye ngozi zetu dalili huwa weupe wa kijivu na ganzi. Mtu aingie ndani, aweke kiungo kwenye maji ya vuguvugu, asikisugue, asikiweke kwenye jiko wala hita, kwani hahisi anapoungua.

Tiba na yale ya kibali cha kukaa

Daktari wa zahanati ya chuo alimsikiliza kwa muda mrefu, akampima damu. Vitamini D ilikuwa chini sana, jambo la kutarajiwa: Novemba hadi Februari jua la latitudo hii limelala mno, miale inayotengeneza vitamini hiyo ni haba, na ngozi nyeusi huihitaji kwa muda mrefu zaidi. Akapewa vidonge, huku akielezwa kwamba vidonge hivyo ni vya mifupa na upungufu, sonona ina tiba yake. Tiba hiyo ilikuwa taa ya laksi 10,000, nusu saa kila asubuhi, imewekwa karibu na uso bila kuikodolea macho, wakati anakunywa chai. Pamoja na hiyo, kutembea nje adhuhuri kila siku, na vikao vya ushauri nasaha. Dawa za sonona ziliwekwa kando kwanza, zitazamwe iwapo wiki kadhaa zingepita bila nafuu. Taa yenyewe si ya kila mtu: mwenye ugonjwa wa macho, au mwenye akili inayopanda na kushuka kati ya furaha kali na huzuni, amuone daktari kabla.

Kabla ya hapo alikuwa amekaribia kufanya jambo ambalo lingemgharimu zaidi ya baridi. Alitaka kuifuta kemia kimyakimya. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye viza ya masomo ya F-1 anatakiwa abaki na angalau krediti 12 kwa muhula. Yeye alikuwa na 13, kemia peke yake ni 4. Akiifuta bila ruhusa anabaki na 9, na hali yake ya kukaa nchini inavunjika. Sheria inaruhusu kupunguza masomo kwa sababu ya ugonjwa, kwa barua ya daktari, lakini ofisi ya wanafunzi wa kigeni lazima iidhinishe kabla somo halijafutwa. Wazazi mnaosoma hapa, mwambieni mtoto jambo hili kabla hajapanda ndege, maana anayeumwa huona kufuta somo ni kupumzika.

Tulikwenda ofisi hiyo pamoja. Akaamua kuibakisha kemia hata kama ataifanya vibaya, na akaifanya vibaya: D. Masomo mengine aliyaokoa.

Nafuu ilianza kuonekana katikati ya Desemba. Kwanza usingizi ukarudi kuwa wa saa 8 kwa usiku, baadaye hamu ya kusoma, mwisho kicheko. Mama yake aliisikia sauti kabla mimi sijaona uso.

Mwaka wa pili alichagua vipindi vinavyoanza saa nne asubuhi. Taa aliiwasha mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya dalili. Alitafuta kazi maktaba ya chuo, ndani ya saa 20 kwa wiki anazoruhusiwa, na akachagua zamu ya mchana ili alazimike kuvuka uwanja mkubwa kukiwa na jua. Ratiba ya swala ya Desemba aliibandika juu ya meza tangu Septemba na kuwapelekea walimu wake wawili mapema. Februari ilimlemea tena kwa wiki mbili hivi. Akaenda zahanati mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Kemia aliirudia kiangazi, kukiwa na nyuzi 28 nje, akapata B. Chuo chake huandika alama zote mbili, kwa hiyo ile D bado ipo kwenye rekodi, na kila anapoomba nafasi ya mafunzo ya kazi huambatanisha maelezo mafupi ya muhula ule.